Kukarabati Kwanza au Kuuza Kama Ilivyo

Ukitangaza tu kwamba unauza nyumba Dar es Salaam, washauri hawakosekani. Dalali atasema piga rangi, jirani atasema weka marumaru sebuleni, fundi atashauri paa lote lifumuliwe. Wote wanapanga matumizi ya fedha yako. Kabla hujamsikiliza yeyote, jiulize: mnunuzi anakuja kununua nyumba, au kiwanja?

Kariakoo nyumba nyingi za Kiswahili, zile zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, zilinunuliwa zikabomolewa kupisha maghorofa. Mnunuzi wa namna hiyo hatazami dari. Anapima kiwanja, anauliza hati, anapiga hesabu ya kubomoa. Madirisha ya alumini uliyoweka mwezi uliopita yataondoka na kifusi. Ukiona nyumba zilizouzwa mtaani kwako karibuni zimeshavunjwa, usinunue hata kopo moja la rangi.

Anayetaka kuhamia na familia yake ni mtu mwingine. Huyu anakata bei kwa kile asichokijua. Tuseme paa linavuja, na fundi anataka milioni 2 kulitengeneza. Mnunuzi hajui hilo. Anachoona ni doa la kahawia darini. Anawaza kenchi zimeoza, mchwa wameingia, nyaya zimelowa, kisha anapunguza milioni 6 kwenye bei yako. Milioni 4 za ziada ni gharama ya hofu yake, na hapo ndipo ukarabati unapolipa. Jiko jipya la milioni 10 halina hesabu hiyo. Makabati uliyoyachagua wewe yeye anaweza asiyapende, akanuia kuyang'oa siku atakayokabidhiwa funguo.

Kwa hiyo rekebisha kinachotisha, yaani paa, mabomba, umeme, shimo la maji taka na milango isiyofunga. Mambo ya ladha mwachie atakayeishi humo. Kufyeka uwanja, kubadilisha balbu zilizoungua na kusafisha choo ni kazi ya lazima kwa kila muuzaji, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Ukanda wa pwani una kasoro yake inayostahili kuelezwa peke yake: chumvi ukutani. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia msingi usiozuiliwa unyevu, yakifika juu hukauka na kuacha chumvi. Chumvi hiyo huganda ndani ya plasta na kuisukuma mpaka ibabuke. Mchanga wa baharini ukitumika kujengea, hali huwa mbaya zaidi, na kwenye zege chumvi huozesha nondo. Wauzaji wengi hupaka rangi ya mafuta juu yake. Unyevu ukikosa pa kutokea, rangi huvimba na kubanduka, pengine kabla nyumba haijapata mteja. Mnunuzi mzoefu hugonga ukuta kwa kidole akisikiliza kama plasta imeachia, kisha hukwaruza karibu na sakafu aone kama unga mweupe utatoka. Akiubaini chini ya rangi mbichi, atashuku nyumba nzima. Ama bandua plasta, zuia unyevu na upige upya, ama acha ukuta ulivyo na useme ukweli. Rangi peke yake ni hasara mara mbili.

Kuna ukarabati mwingine usiohitaji saruji: karatasi. Hati ikiwa bado ina jina la marehemu baba, anzia mahakamani kwa usimamizi wa mirathi. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Maliza kodi ya ardhi na bili ya maji. Mnunuzi mwenye mkopo wa benki hawezi kuvuka hapo hata kuta ziwe zinang'aa, kwa hiyo fedha ikiwa haba, itangulie huku. Na kwa kila kazi ya kuboresha nyumba, dai risiti ya EFD: kodi ya ongezeko la mtaji hutozwa kwenye faida, na gharama ya uboreshaji yenye uthibitisho huipunguza faida hiyo.

Kama huna fedha ya paa, kuna njia ya kati. Mwite fundi, apande juu, akuandikie makadirio ya vifaa na ufundi. Mkabidhi mnunuzi karatasi hiyo mnapoanza kuzungumza bei. Akishaona milioni 2 kwa maandishi, itamwia vigumu kudai apunguziwe milioni 6.

Usikope ili ukarabati nyumba unayoiuza, na usianze kazi ambayo haitakwisha kabla wateja hawajaanza kuja. Nyumba iliyofumuliwa nusu hutisha kuliko iliyochakaa. Hapo uza kama ilivyo, na taja kasoro zake wewe mwenyewe kwanza.