Picha za Matiti: Kompyuta Imefundwa kwa Picha za Nani?

Bagamoyo si mgeni wa kompyuta inayosoma eksirei. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, yenye kituo mjini humo, pamoja na wenzao wa Ulaya, walichapisha matokeo ya kuipima CAD4TB, programu iliyotengenezwa Uholanzi, kwa picha za vifua vya wagonjwa 861 wa Tanzania waliokuwa na dalili za kifua kikuu. Makohozi yalioteshwa maabara ili ukweli ujulikane. 194 walikutwa na vimelea. Programu ilimshinda tabibu, lakini haikumfikia msomaji bingwa. Kwa wenye VVU, ilitambua kwa shida zaidi.

Saratani ya matiti, ya pili kwa wanawake nchini baada ya ile ya mlango wa kizazi, inaleta mtihani huohuo wa kuipima programu kwa picha za wagonjwa wetu. Katika mamografia, yaani eksirei ya titi, uvimbe huonekana mweupe, na tishu za titi zilizoshonana nazo ni nyeupe. Tishu za namna hiyo huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo, na wagonjwa wetu wengi ni wadogo kwa umri kuliko wa Ulaya.

Kompyuta humsaidia daktari kwa njia mbili: huweka alama penye shaka, au humtafutia picha zinazofanana na aliyo nayo. Kwa njia hii ya pili, kila picha hugeuzwa kuwa safu ya namba zinazoeleza kingo za uvimbe, mtawanyiko wa chembe za chokaa na msongamano wa tishu. Picha ya leo hulinganishwa na za zamani ambazo majibu ya kinyama, yaani kipande cha titi kilichopimwa maabara, yanajulikana, na daktari huletewa zinazokaribiana nayo.

Mtego uko hapo. Mvuvi akiletewa samaki asiyemjua, atasema hamjui. Kompyuta isipofundishwa kukiri hivyo, italeta picha iliyo karibu kuliko nyingine, hata kama iko mbali. Na hazina mbili za picha za matiti zilizotumiwa sana na watafiti, MIAS na DDSM, zilikusanywa Uingereza na Marekani.

Nchini Sweden, matokeo ya mwaka 2023 kwa wanawake zaidi ya 80,000 yalionyesha akili mnemba ikipunguza kazi ya kusoma picha kwa asilimia 44, bila saratani zilizogunduliwa kupungua. Lakini huko ni kawaida picha kusomwa na madaktari bingwa wawili. Hospitali nyingi za wilaya zetu hazina hata mmoja, kwa hiyo kosa la mashine halina wa kulisahihisha.

Kazi ya kwanza, basi, ni kutunza picha za wagonjwa wetu pamoja na umri na majibu ya kinyama, majina yakiondolewa, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kisha kila anayeuza programu aulizwe: kwa picha hizi, imepitwa na saratani ngapi?