Godoro la tabaka mbili: pima, lalia, ndipo upake gundi

Mteja akilala dakika mbili dukani, karibu kila godoro ni zuri. Ukweli hujitokeza miezi kadhaa baadaye, katikati panapobonyea na kiuno kikaanza kuuma. Muuzaji aliyenunua mtaani kwake anaweza kulirudisha kwa aliyemuuzia. Aliyevusha mzigo Namanga, Busia au Mutukula hana njia rahisi: kulirudisha godoro moja ni nauli, siku nzima ya kazi na makaratasi mapya ya forodha. Mara nyingi hasara hubaki kwake.

Njia mojawapo ya kujikinga ni kununua sponji za aina tofauti, kuzipanga kwa tabaka, kuzijaribu, kisha kumpa fundi ashone kava. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa. Inahitaji mzani, futi ya kupimia na subira.

Kazi mbili, sponji mbili

Godoro lina kazi mbili zinazovutana. La kwanza ni kubeba, ili uti wa mgongo usipinde. La pili ni kupokea, yaani kuruhusu bega na nyonga vizame kidogo bila kuumia. Sponji moja ikifanya kazi zote mbili, mara nyingi moja huharibika: ikiwa ngumu bega hufa ganzi, ikiwa laini kiuno huzama.

Kwa hiyo tabaka la chini huwa gumu na nene, na la juu huwa laini na jembamba. Kwa godoro la inchi 6, pa kuanzia pazuri ni inchi 4 chini na inchi 2 juu.

Mzani hausemi uongo, lakini usiuamini peke yake

Wauzaji wengi huchanganya densiti na ugumu. Densiti ni kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo, na ndiyo inayoashiria godoro litadumu kiasi gani. Ugumu ni nguvu inayotakiwa kuibonyeza. Viwandani hupimwa kwa kuibonyeza sponji hadi robo ya unene wake. Ipo sponji laini yenye densiti kubwa, na ipo ngumu ambayo itachoka upesi.

Densiti inaweza kukaguliwa papo hapo. Godoro la futi 4 kwa 6, unene wa inchi 6, lina ujazo wa mita 0.34 hivi. Likiwa na densiti ya 25, sponji yake bila kava itakuwa na uzito wa kilo 8.5. Densiti ya 30 itatoa kilo 10.2. Ukiambiwa ni 25 na mzani ukasoma kilo 6, umeuziwa densiti ya 18 kwa bei ya 25.

Tahadhari ni moja. Unga wa chaki unaweza kuchanganywa kwenye sponji wakati wa kuitengeneza. Uzito hupanda, nguvu haipandi. Sponji nzito inayomeguka au kutoa vumbi jeupe ukiisugua ni ya kutilia shaka.

Jaribu kabla ya gundi

Panga tabaka juu ya chaga au sakafuni, tandika shuka, kisha mtu alale angalau robo saa. Akilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita kwa ulegevu mkubwa, juu ni pagumu mno. Kikikwama kabisa, nyonga zimezama. Akilala ubavu, mwingine amtazame kwa nyuma: uti wa mgongo unapaswa kunyooka kutoka shingoni hadi kiunoni.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike matokeo. Bega likiuma, ongeza inchi moja ya sponji laini juu. Nyonga zikizama, punguza tabaka la juu au weka la chini lililo gumu zaidi. Mtu wa kilo 50 na wa kilo 100 hawatakubaliana juu ya godoro moja, hivyo jaribio lifanywe na watu wa miili tofauti. Kwa wanandoa wanaotofautiana sana, kila upande unaweza kupangwa kivyake ndani ya kava moja.

Gundi ije mwisho, baada ya tabaka kulaliwa usiku kadhaa. Sponji iliyokwisha kugandishwa haitenganishwi bila kuchanika.

Hesabu ya mpakani

Godoro ni hewa kwa sehemu kubwa, na kwenye lori unalipia nafasi kuliko kilo. Wengi hulikunja na kulifunga kwa kamba ili mzigo upungue. Lakini sponji ikikaa imebanwa muda mrefu, hasa kwenye joto, huenda isirudi unene wake wote. Likifika, lifunguliwe mara moja, lipimwe tena kwa futi.

Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unatumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani. Bidhaa lazima iwe imetoka ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha inayotumika, hivyo ni busara kuuliza forodha kabla ya kununua. Cheti huondoa ushuru wa forodha. Hakiondoi kodi nyingine wala masharti ya ubora.

Hapo ndipo fundi wa tabaka anapaswa kuwa makini. Kuunganisha tu vipande vya sponji iliyotoka nje ya Jumuiya na kuvivisha kava hakutoshi kulifanya godoro kuwa la Afrika Mashariki. Kama sponji ilitengenezwa kiwandani Kenya, Uganda au Tanzania, omba risiti inayotaja kiwanda, vipimo na densiti, na uitunze pamoja na cheti.

Risiti hiyo ina kazi ya pili. Siku mteja atakapolalamika, itaonyesha kosa ni la sponji, la mpangilio wa tabaka, au la chaga zilizoachana mno chini ya kitanda chake.