Sentensi Moja ya Kweli: Utangulizi wa Somo la Ujumbe wa Kitapeli

"Ile pesa tuma kwenye namba hii." Kwa msomaji wa Tanzania ujumbe huu hauhitaji kutambulishwa. Mtu anausoma, anacheka, anaufuta. Mimi nakuomba uuache kwenye skrini dakika mbili zaidi, kwa sababu neno lake la kwanza ni kazi ya fundi. Walimu wa sarufi huliita "ile" kionyeshi, na mojawapo ya kazi zake ni kurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wameshalizungumza. Mtumaji hakujui. Hajui kama unadaiwa kodi ya nyumba, mchango wa harusi au ada ya mtoto. Anaandika tu "ile", wewe mwenyewe unajaza. Kama asubuhi hiyo ulimwahidi fundi hela ya mabati, basi ujumbe umeshakuwa wa fundi, na namba imebadilika kwa sababu simu yake iliishiwa chaji. Hayo yote umeyatunga wewe.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wanapouliza somo hili ni la kompyuta au la sheria, nawajibu kwamba ni la lugha kwanza, halafu la adabu. Mitambo na vifungu vya sheria tutavifikia, ila tukianzia huko tutaishia kumwona tapeli kama mchawi na aliyelizwa kama mjinga. Wote wawili ni watu wanaosoma na kuandika. Kitabu hiki kinashughulika zaidi na ujumbe unaoingia kwenye vijiwe vya mtandaoni vya watu wenye hobi: wapenda ndege, wacheza sataranji, wapiga picha, wafuga njiwa, wakusanya sarafu. Nimechagua vijiwe hivyo kwa sababu huko mtu anaonyesha anachokipenda hadharani. Hakuna anayetangaza salio lake la benki, lakini mkusanya sarafu atakuambia bila kuulizwa ni sarafu gani anaitafuta kwa mwaka wa saba sasa.

Uhusiano wa vijiwe hivi na ujumbe usioombwa ni wa zamani. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani, aliwatumia watu karibu mia nne wa mtandao wa ARPANET tangazo moja la maonyesho ya mashine mpya. Wengi walikasirika, lakini walichokasirikia hakikuwa na jina bado. Jina lilikuja kutoka kwa wacheza michezo. Miaka ya 1980 watu waliokuwa wakicheza michezo ya maandishi mtandaoni walipata wageni waliojaza ukumbi maneno yaleyale mpaka mazungumzo yakazama, na wakakumbuka kichekesho cha Monty Python cha mwaka 1970. Ndani yake mteja anataka kuagiza chakula mgahawani, na karibu kila chakula kina nyama ya kopo ya Spam, huku Waviking waliokaa pembeni wakiimba jina la nyama hiyo na kuzima sauti ya kila mtu. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo la bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani kwenye maelfu ya vikundi vya Usenet, vikiwemo vile vya tawi zima lililotengwa kwa ajili ya hobi. Mtu aliyeingia kusoma habari za ndege akakuta mambo ya uhamiaji. Kuanzia hapo neno "spamu" likashika.

Spamu ya kumwaga ni biashara ya idadi. Mwaka 2008 watafiti wa California waliingia kisirisiri ndani ya mtandao mmoja wa kompyuta zilizotekwa, wakahesabu: barua pepe takriban milioni 350 za kuuza dawa, siku 26, mauzo 28. Ukishaona hesabu hiyo utaelewa kwa nini ujumbe mwingi ni wa hovyo. Cormac Herley wa Microsoft alikwenda mbali zaidi mwaka 2012, akauliza kwa nini tapeli anayejiita mrithi wa mamilioni huko Nigeria hajisumbui kutafuta hadithi mpya, ilhali dunia nzima imeshaichoka hiyo. Jibu lake ni kwamba uhovyo ule ni chujio. Kutuma ni bure. Kinachogharimu ni wiki za kuandikiana na mtu mmoja mmoja. Hadithi ya kizembe inawaondoa mapema wale ambao wangeshtuka mwishoni. Nadhani Herley yuko sahihi kuhusu barua za kumwaga. Kuhusu vijiwe vya hobi, hoja yake haifiki, kwa sababu huko ujumbe haumwagwi. Unashonwa kwa vipimo vya mtu.

Mfano ninaoujua kwa karibu umetoka kwenye kikundi cha wakusanya sarafu nilichomo. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamebanwa vitani na kukatiwa njia ya bahari, walitumia karakana ya reli ya Tabora kugonga fedha zao wenyewe. Sarafu ndogo za shaba walizigonga kwa wingi. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, waligonga elfu kumi na sita na ushei tu kabla Wabelgiji hawajaingia mjini Septemba mwaka huohuo. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai wa dola. Ina gramu saba hivi. Kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki anaitaka, na wengi tutakufa hatujaishika.

Mwenzetu mmoja aliandika kwenye kikundi kwamba ameiona makumbusho na hakulala. Kesho yake akapata ujumbe huu faraghani:

"Habari mkuu. Nimeona komenti yako kwenye grupu, we inaonekana unaijua historia. Marehemu babu ametuachia ile ya tembo ya Mjerumani. Sitaki kuiweka kwenye grupu, madalali watanisumbua. Kuna mteja wa Nairobi anaitaka leo jioni, ila moyo unasema iende kwa mtu anayeithamini. Nitumie 45,000 ya nauli niilete Dar uione kwa macho, weka na ya kutolea. Jina litakuja la mke wangu."

Usitafute uongo kwanza. Uongo utauona tu. Tafuta sentensi ya kweli. Ni ya pili: kweli aliiona komenti, na kweli mwenzetu anaijua historia. Sentensi hiyo moja ndiyo inayozibeba nyingine zote mgongoni. "Marehemu babu" inafuta swali la risiti. "Leo jioni" inafupisha muda wa kufikiri. "Ya kutolea" ni maarifa ya nyumbani kabisa, kwa sababu mtu anayejali ada ya wakala anaonekana mnyonge mwenzako, si mwizi. Na mke? Mke ameletwa ili jina geni litakapotokea kwenye muamala liwe limeshaelezwa. Hata kiasi kimepimwa: shilingi 45,000 hazimfilisi mkusanya sarafu, na ni chache mno kwa mtu kujisumbua kwenda nazo polisi.

Lakini sentensi nzito kuliko zote ni ile ya kutotaka kuiweka kwenye grupu. Frank Stajano wa Cambridge na Paul Wilson, mtu wa mazingaombwe aliyeigiza utapeli kwenye televisheni ya Uingereza ili kuwafundisha watazamaji, waliorodhesha mwaka 2009 kanuni saba ambazo matapeli huzitegemea, zikiwemo kanuni ya muda na kanuni ya tamaa. Ipo pia waliyoiita kanuni ya kutokuwa mwaminifu: tapeli hukushirikisha katika kosa dogo la siri, na kosa hilo ndilo linalokufunga mdomo baadaye. Mwenzetu alishajiona amewapiku wenzake kwa kupata sarafu ambayo sisi hatukuoneshwa. Angetuuliza vipi?

Aliuliza, hata hivyo, kwa njia ya mzunguko. Alimtumia mwalimu mmoja mstaafu picha ya sarafu aliyoipata kwa muuzaji, ili ajisifie kidogo. Mwalimu akaomba picha ya pili, sarafu ikiwa juu ya gazeti la siku hiyo. Ikaja, bila gazeti. Wakusanyaji wanajua kwamba sarafu ya Tabora iko ya aina mbili, kutegemea ncha ya nakshi inaishia chini ya herufi gani ya neno OSTAFRIKA. Picha ya kwanza ncha ilikuwa chini ya T. Ya pili ilikuwa chini ya A. Babu huyo alikuwa ameacha sarafu mbili, au hakuacha hata moja. Nauli ilikuwa imeshakwenda.

Hadithi ya namna hii haikuanzia kwenye simu. Vidocq, mfungwa wa Ufaransa aliyekuja kuwa mkuu wa wapelelezi wa Paris, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1828 kuhusu "barua za Yerusalemu", zilizoandikwa na wafungwa magerezani baada ya mapinduzi. Mwandishi alijifanya mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia nchi na kutupa kisanduku cha vito njiani. Sasa mtumishi yuko kizuizini na anahitaji hela kidogo ili mali ipatikane. Vidocq anadai kwamba kati ya barua mia, ishirini zilijibiwa. Ulinganishe na mauzo 28 kwa milioni 350. Siri, kwa maelezo yake, ni kwamba barua zilipelekwa kwa watu waliojulikana kuipenda enzi ya zamani ya wafalme. Wafungwa walijua watu hao wanapenda nini. Miaka karibu mia mbili imepita, na kwangu mimi hii ni habari ya tembo wa Tabora ileile.

Wasomaji wangu wengi ni maadmini wa vikundi, na najua wanachokitaka ni sura ya saba, yenye hatua za kuchukua. Msiruke mpaka huko, ingawa nitadokeza. Kwa Tanzania, namba iliyotuma ujumbe wa kitapeli hupelekwa 15040 bila malipo, na kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinagusa ujumbe usioombwa. Ripoti, kisha mfungie. Mazoea ya kumwondoa mgeni kimyakimya siyapendi sana. Tapeli anaingia kwa namba nyingine, na wanachama hawajajifunza kitu. Bandika ujumbe wake kwenye kikundi, uchambueni pamoja kama shairi. Dawa ya "usiwaambie" ni kuwaambia.

Kuna pia swali la mtu aliye upande wa pili, ambalo vitabu vingi hulikwepa. Wapo vijana wanaojivunia kumchezea tapeli, kumzungusha siku nzima na kuweka mazungumzo mtandaoni watu wacheke. Lakini Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 2023 kwamba Myanmar peke yake ina watu wasiopungua 120,000 wanaolazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, na Kambodia wapatao 100,000. Wengi waliitikia matangazo ya kazi nzuri, wakajikuta wamenyang'anywa pasipoti, wakipigwa wasipofikisha kiwango cha siku. Wakenya na Waganda ni miongoni mwa waliookolewa. Anayekuandikia "habari mkuu" anaweza kuwa tapeli wa kawaida kabisa aliyeketi kibarazani kwake. Anaweza pia kuwa ametapeliwa kabla yako, tena vibaya zaidi. Hilo halikulazimishi kutuma hata senti. Linanizuia mimi kucheka.

Mwenzetu wa sarafu alijitoa kwenye kikundi wiki ileile, bila kuaga. Hakuna aliyemcheka, hakusubiri kuona. Tulipoteza mtu aliyeweza kutambua sarafu ya Zanzibar kwa kuishika gizani, kwa sababu ya shilingi 45,000 na aibu. Alirudi baada ya miezi minne, na jambo la kwanza aliloandika ni ujumbe ule mzima, neno kwa neno, na idhini kwamba niutumie darasani.

Kazi ya kwanza, basi, kabla hujafungua sura ya kwanza. Chukua ujumbe mmoja uliotumiwa na mtu usiyemjua, hata kama uliufuta na unaukumbuka nusunusu. Uandike kwa mkono kwenye karatasi. Pigia mstari kila sentensi iliyo ya kweli, halafu pembeni andika aliipata wapi.