Penseli Haifi Maji

Sogeeni karibu, watoto wa Runyenjes. Nanyi wa Nkubu mliobanana mlangoni, njooni, huku mbele kuna nafasi. Leo tunakwenda Mombasa, na tukifika hatutakaa ufukweni: tunazama.

Mwaka 1697 meli ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus. Ilikuwa imeundwa Bassein, India, mwaka 1681, na ilikuwa meli ya mizinga 42. Waomani walikuwa wameizingira ngome ile tangu Machi 1696. Waliokuwa ndani walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi, na meli ilitumwa kuwaokoa. Haikuwaokoa. Ngome ilitekwa Desemba 1698, na meli ikabaki kwenye tope, mizinga, mitungi, vyombo vya kaure kutoka Uchina na yote.

Miaka 280 baadaye, mwaka 1977, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na wapiga mbizi wa taasisi moja ya Marekani inayochunguza meli zilizozama, wakiongozwa na Robin Piercy, walianza kuifukua. Walifanya kazi hiyo hadi mwaka 1980. Mkienda Fort Jesus leo mtaviona baadhi ya vitu walivyovitoa.

Sasa tuliza akili uione kazi yenyewe. Mpiga mbizi amekuta mtungi kwenye tope. Umelalia upande gani? Uko juu ya ubao wa meli au chini yake? Uko umbali gani kutoka kwenye mzinga ule pale? Akishaunyanyua, majibu ya maswali hayo yamekwisha. Hata akiurudisha, hataulaza tena vile ulivyolala tangu 1697. Kwa hiyo anayefukua meli ni lazima apime, achore na aandike kabla mkono haujagusa kitu.

“Cucu, si aandike akishatoka nje?”

Nilijua mmoja wenu ataniuliza mimi bibi yenu. Kwanza, kule chini hawezi kujisemea ili akumbuke, wala kumwambia mwenzake, maana meno yameng'ata kifaa cha kupumulia. Pili, kina kinalevya. Mtu akivuka mita 30 hivi, naitrojeni iliyomo kwenye hewa anayoivuta huanza kumlegeza akili, naye mwenyewe anajiona yuko sawasawa kabisa. Namba aliyoisoma kwenye futi dakika mbili zilizopita inayeyuka. Tatu, huenda kumbukumbu nayo ikabaki kulekule majini: mwaka 1975 wataalamu wawili, Duncan Godden na Alan Baddeley, waliwapa wapiga mbizi wa Scotland orodha za maneno wajifunze, nyingine nchi kavu na nyingine chini ya maji. Waliyojifunza majini waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa majini. Jaribio hilo lilipata sifa dunia nzima, ingawa watafiti waliolirudia mwaka 2021 hawakupata matokeo yale. Wabishane. Anayefukua meli hangoji waelewane, anaandika.

Anaandika na nini? Daftari lako la shule halifai. Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikamana, na maji huzitenganisha zikawa uji. Biro nayo ina kijiwe kidogo mdomoni kinachozunguka na kuvuta wino. Kikikutana na kibao kilicholowa, kinateleza badala ya kuzunguka. Iko kalamu ya Marekani, Fisher Space Pen, iliyobuniwa miaka ya 1960, ambayo wino wake unasukumwa na gesi iliyofungiwa ndani. Wanaanga walikwenda nayo angani mwaka 1968, na inaweza kuandika hata majini. Lakini wapiga mbizi wengi hawana haja nayo. Wanachukua penseli, hiyohiyo ya darasa la pili.

Penseli haina wino wa kuyeyuka. Ile tunayoiita risasi si risasi hata kidogo, ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, ufundi ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hati mwaka 1795. Ukiikwaruza mahali penye ukwaru, punje zake zinabaki pale. Maji hayaiyeyushi grafiti, yawe ya chumvi au ya mto Thuci.

Na ule mti ulioizunguka risasi? Hapo nilitaka kufika. Mnaujua mutarakwa, ule wa nguzo za ua zinazodumu, wenye moyo mwekundu unaonukia ukipasuliwa. Unaota kwenye misitu mikavu ya milimani, hata upande wa Timau. Wakati wa ukoloni mbao zake zilipelekwa Ulaya kutengenezewa penseli, kwa sababu ni laini, zina nyuzi zilizonyooka, na zinachongeka bila kupasuka hovyo. Wazungu waliupa jina la mwerezi wa penseli wa Afrika Mashariki. Mti wa mlima wetu ulikuwa unaandika barua London wakati babu zenu hapa walikuwa hawajashika penseli. Hilo huwa linanichekesha, kisha linaniudhi kidogo.

Mahali pa karatasi, mpiga mbizi hubeba kibao cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa ili kisiwe na utelezi. Wengine hukivaa mkononi. Anayechora ramani hupenda karatasi ya plastiki, kwa sababu atakwenda nayo ofisini. Penseli hufungwa kwa kamba, maana ikikuponyoka majini hupaa juu na kukuacha. Ikikaa sana majini gundi yake huachia na mti hufunguka vipande viwili, basi wazoefu huenda na ya pili.

Maji nayo yana udanganyifu wake. Ukitazama kupitia kioo cha miwani, kila kitu kinaonekana kikubwa kwa karibu theluthi moja, na karibu kuliko kilipo. Samaki wa sentimita 30 utaapa ni wa 40. Ndiyo maana kibao kizuri kimechorwa futi ukingoni: futi nayo imekuzwa vilevile, basi kipimo hakikosei. Rangi nazo huibwa, nyekundu ya kwanza, ndani ya mita chache tu. Mtu akijikata kule chini sana, damu yake anaiona ya kijani kijani.

Wanaohesabu samaki kwenye matumbawe, kama watafiti wa shirika la CORDIO walioanza kazi yao Mombasa mwaka 1999, hawana nafasi ya kuandika insha. Mkono uko ndani ya maji yanayosukuma, na hewa ya mtungini inapungua. Herufi moja inasimama badala ya samaki mzima. Tuseme P ni pono: “P 25” na vijiti vitatu ni pono watatu wa sentimita 25. Jioni yote yananakiliwa daftarini, kisha kibao kinasuguliwa kwa sabuni ya unga hadi kiwe cheupe tena.

Hapa kwetu je? Mto Tana umezibwa kwa mabwawa matano, Kindaruma likiwa la kwanza mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mto unashuka na udongo wa mashamba yetu, na mnajua rangi yake mvua ikinyesha. Katika maji ya namna hiyo, popote duniani, penseli imeshindwa, kwa sababu hata kibao chenyewe hukioni. Wapiga mbizi wanaokagua mabwawa hupapasa kwa mikono na kueleza kwa simu ya waya wanachokigusa, na wa juu ndiye anayeandika.

Basi tafuteni jerikeni nyeupe iliyopasuka. Mwombe mtu mzima akukatie kipande, kisugue kwa msasa hadi kipoteze mng'aro, kitumbukize kwenye karai la maji. Karai, sio mto Rupingazi, nimesema! Andika jina lako kwa penseli humo humo ndani ya maji, chini yake liandike tena kwa biro, kisha uniletee kesho nione.