Mtoto Anayejikuna: Je, Mafuta ya Bei Ghali Ndiyo Dawa?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Matungu. Kama unanyonyesha, mpakate mtoto wako vizuri, tuzungumze.

Leo tunazungumza kuhusu ngozi isiyovumilia sabuni na mafuta mengi. Siku moja alinijia mama mwenye mtoto wa miezi saba. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamekauka na kupasuka, na mikunjo ya mikono ilikuwa na vidonda vya kujikuna.

"Sista," akaniambia, "nimenunua mafuta ya bei ghali kule Mumias, lakini bado hatulali. Mama mkwe anasema maziwa yangu ndiyo mabaya, nimwachishe kunyonya."

Nikamwuliza, "Unamwogesha na nini?" Akasema maji ya moto, kipande kile kile cha sabuni ya kufulia, na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua viini. Nikafungua kopo la yale mafuta. Chumba kizima kikanukia maua.

Mama msikilizaji, mtoto huyo alikuwa na ukurutu, ambao hospitalini tunauita ekzema. Si uchafu, si kurogwa, wala hauambukizi. Mara nyingi huja katika familia zenye pumu au mafua ya vumbi. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani sana. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya kijivu, kavu, yenye vijipele vidogo.

Fikiria ukuta wa nyumba ya udongo. Ukikandikwa vizuri, upepo na mvua hubaki nje. Ukipasuka, kila kitu hupita. Ngozi yetu ina mafuta yake ya asili yanayoikandika. Sabuni ya kufulia huondoa mafuta hayo, kwa sababu kazi yake ni kuondoa mafuta. Kisha maji ya mwili hutoka kupitia nyufa, na vitu vikali huingia.

Vitu hivyo hudhuru kwa njia mbili. Ya kwanza ni ukali wenyewe. Sabuni kali au jiki ikizidi itamwasha mtu yeyote. Ya pili ni mzio. Hapa mwili umekikataa kitu fulani, na hata kidogo tu huleta shida. Muwasho wa mzio wa mafuta au manukato huweza kuchelewa siku moja hadi tatu, ndiyo sababu mama hulaumu chakula cha leo ilhali kosa ni mafuta ya juzi. Manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoleta mzio wa ngozi mara nyingi zaidi.

Sasa tuje kwenye maandishi ya kopo. Makopo mengine yana neno refu la Kiingereza linaloanza na herufi H, Y, P, O. Hutamkwa haipoalejeniki. Maana yake ni kwamba mtengenezaji anatarajia bidhaa hiyo isilete mzio kwa urahisi. Hasemi kwamba haitaleta kamwe. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba kampuni ifanye majaribio kwanza kabla ya kuliandika neno hilo. Kampuni mbili za vipodozi zilipinga, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni hiyo. Kwa hivyo, mama, neno hilo ni ahadi ya muuzaji. Si cheti cha daktari, na lisikumalizie pesa za unga.

Badala yake, geuza kopo usome orodha ya vitu vilivyomo. Ukiona "parfum" au "fragrance," hayo ni manukato. Liache dukani. Na usidanganywe na neno "asili." Mafuta ya njugu ni ya asili, lakini usiyapake kwenye ngozi iliyopasuka, kwani mwili wa mtoto unaweza kujifunza kuzikataa njugu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi tu. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, kidogo, sehemu zenye uchafu pekee: shingo, makwapa na makalio. Usitie dawa ya kuua viini majini.

Pili, mpanguse polepole bila kumsugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu, kabla dakika tatu hazijaisha, mpake vaselini isiyo na rangi wala harufu. Rudia angalau mara mbili kwa siku. Chota kwa kijiko safi, usitie vidole koponi.

Tatu, bidhaa mpya ijaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi. Ngozi ikitulia, endelea. Ikiwasha, osha na uache.

Nne, suuza nguo na nepi mara mbili au zaidi, sabuni ya unga iishe kabisa. Nguo mpya na za mitumba zifue kabla mtoto hajazivaa. Nguo ya pamba iguse ngozi, sweta na shali zikae juu yake. Usimfunike mpaka atoke jasho.

Tano, jihadhari na krimu za kuchubua na tyubu zisizo na maelezo sokoni. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini bado huuzwa kisiri. Hata ukijipaka wewe, mtoto anayenyonya hugusa kifua na shavu lako. Lakini dawa ya kupaka uliyopewa hospitalini itumie kama ulivyoelezwa, usiiogope.

Mlete mtoto kliniki upesi ukiona usaha, ukoko wa manjano, malengelenge yenye maumivu, homa, au akikataa kunyonya. Mkijikuna usiku nyumba nzima, hasa katikati ya vidole, huo huenda ni upele. Unaambukiza, na lazima wote mtibiwe pamoja.

Yule mama nilimwambia aendelee kunyonyesha. Ukurutu si sababu ya kumwachisha mtoto. Ananyonya hadi miaka miwili na zaidi, huku akila vyakula vingine tangu miezi sita. Siku iliyofuata alikuja na mama mkwe. Nikamwambia, "Kukhu, maziwa hayana kosa. Tubadilishe sabuni." Akacheka, akasema yeye ndiye atakayemwogesha.

Baada ya wiki tatu mashavu yalikuwa laini. Ukurutu haukuwa umepona kabisa, maana huja na kwenda, lakini mtoto alikuwa analala, na mama pia.

Ukiwa na swali, mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au njoo kliniki na makopo yako yote, tuyasome pamoja. Mpaka kipindi kijacho, kwaherini.