Mnara Ulioko Angani

Mwamba wa Tororo umeinuka karibu mita 300 juu ya mji, na kwa fundi wa redio hiyo ni neema. Mawimbi ya redio za masafa ya juu husafiri karibu kama mwanga, kwa kunyooka, hadi mviringo wa dunia uyakatishe. Mlingoti wa mita 30 katika tambarare hufika kilomita 22 hivi. Kileleni mwa mwamba, antena hufika takriban 70, na Busia ya mpakani imo. Ndege ikipita mita 12,000 juu ya Busia, milima ikiwekwa kando, upeo wake unavuka kilomita 400: Kampala imo, Nairobi imo.

Wanajeshi walijifunza hesabu hiyo kwa damu. Juni 2005, makomando wanne wa Marekani walishambuliwa katika milima ya Kunar, Afghanistan, na redio zao zikashindwa kutoka bondeni. Helikopta ya uokoaji ikatunguliwa. Waliokufa ni 19.

Baadaye ukaja BACN, mtambo wa Northrop Grumman unaobebwa na ndege ya E-11A, ambayo kwa asili ni ndege ya matajiri iliyotengenezwa na Bombardier. Kazi yake si kurusha sauti mbele tu. Hupokea ujumbe kutoka redio ya aina moja na kuutoa kwa nyingine zisizoelewana nayo, kama mfanyabiashara wa Busia mwenye Safaricom sikio hili na MTN sikio lile. Hatari yake ni kwamba wengi hutegemea ndege moja. Januari 2020, E-11A ilianguka Ghazni na kuua wawili waliokuwamo.

Raia nao walijaribu. Julai 2020, Loon, kampuni dada ya Google, na Telkom Kenya walianza kutoa 4G kwa puto 35 hivi, kilomita 20 juu, katika eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, Kakamega ikiwemo. Puto hazikuwa na injini. Programu ilizipandisha na kuzishusha zikitafuta upepo ufaao. Na kwa kuwa upepo hausimami forodhani, Uganda pia ilikuwa imeombwa ruhusa ya kupita.

Teknolojia ilifanya kazi. Hela ndiyo iliyokosekana. Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga. Juni mwaka uleule, Jeshi la Anga la Marekani liliagiza kwa Bombardier ndege hadi sita zaidi za kubeba BACN.