Kunguni: jinsi ya kuepuka kurudi nao nyumbani baada ya likizo

Msafiri anayerejea Australia baada ya likizo anaweza kubeba, ndani ya mshono wa begi lake, kunguni jike mmoja tu aliyekwisha kupandwa. Mmoja huyo anatosha kuanzisha kizazi kitakachoenea nyumba nzima. Kuwaondoa baadaye huchukua majuma mengi na fedha nyingi, ilhali kuwazuia wasiingie hudai dakika chache za uangalifu mahali pa kulala na saa chache za kazi siku ya kurudi.

Mambo muhimu

• Kunguni hana mbawa wala hawezi kuruka. Husafiri kwa kubebwa katika mizigo, nguo na samani.
• Kagua chumba kabla ya kufungua begi, na usiweke begi kitandani wala sakafuni.
• Joto kali la mashine ya kukaushia nguo ndiyo kinga ya uhakika zaidi siku ya kurejea.
• Usipulize sumu kiholela. Dawa isiyofaa hutawanya kunguni na yaweza kuhatarisha maisha ya watu.

Kunguni ni mdudu wa aina gani?

Kunguni ni mdudu bapa, wa rangi ya kahawia, mwenye urefu wa milimita tano hivi anapokomaa, karibu sawa na mbegu ya tufaha. Akishashiba damu huvimba na kuwa mwekundu. Yai lake ni jeupe, lina urefu wa milimita moja, na hugandishwa ndani ya ufa au mshono. Katika hali ya joto, yai huanguliwa baada ya siku kama saba hadi kumi. Kunguni mchanga hupitia hatua tano kabla ya kukomaa, na kila hatua humlazimu anyonye damu walau mara moja.

Ziko aina mbili zinazomsumbua binadamu zaidi. Kunguni wa kawaida, Cimex lectularius, huishi zaidi katika nchi za baridi na za wastani. Kunguni wa kitropiki, Cimex hemipterus, ameenea katika nchi za joto, zikiwemo nyingi za Afrika na Asia. Australia ina aina zote mbili.

Tofauti na chawa, kunguni haishi mwilini mwa mtu. Hujificha mchana katika nyufa zilizo karibu na kitanda, hutoka usiku akivutwa na joto la mwili, harufu na hewa tunayoitoa tunapopumua, hunyonya kwa dakika chache, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa sababu hiyo, begi lililotupwa kabatini baada ya safari si salama kwa kuwa tu limekaa muda mrefu.

Hadi sasa hakuna ushahidi kwamba kunguni huambukiza watu maradhi kwa kuwauma. Madhara yake ni mwasho, mzio kwa baadhi ya watu, kukosa usingizi na wasiwasi unaoweza kudumu hata baada ya wadudu wenyewe kuondoka.

Kwa nini wamerudi?

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, dawa ya DDT ilipunguza sana kunguni katika nchi tajiri, hata vizazi vizima vikakua bila kuwaona. Lakini mapema, mwaka 1947, kunguni waliostahimili dawa hiyo walikwisha kuonekana katika mabweni ya wanamaji wa Marekani huko Pearl Harbor, Hawaii. Leo wengi wao huzistahimili pia dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zao linalofahamika vyema na wakulima wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kunguni wameongezeka tena katika nchi nyingi, Australia ikiwa mojawapo. Usugu dhidi ya dawa na wingi wa safari za kimataifa hutajwa miongoni mwa sababu kuu.

Mwaka 2023 macho ya dunia yaligeukia Ufaransa. Mwezi Julai, Anses, shirika la serikali ya nchi hiyo linaloshughulikia usalama wa chakula, mazingira na kazi, lilieleza kwamba asilimia 11 ya kaya za Ufaransa zilikumbwa na kunguni kati ya mwaka 2017 na 2022. Miezi michache baadaye picha za kunguni kwenye treni na kumbi za sinema za Paris zilienea mitandaoni, mji huo ukiwa unajiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2024. Serikali ya Ufaransa baadaye ilisema kwamba sehemu ya taharuki hiyo ilichochewa na akaunti zenye uhusiano na Urusi. Hata hivyo tatizo lenyewe lilikuwepo, na lilikuwepo kabla ya picha hizo.

Ni kosa kudhani kwamba kunguni ni mdudu wa maskini au wa watu wachafu. Chakula chake ni damu, si takataka. Hoteli ya nyota tano humpa anachokitaka sawa na bweni la wanafunzi, kwani katika zote mbili watu hulala na wageni hubadilika kila siku.

Dakika za kwanza chumbani

Ukifika hotelini au katika nyumba ya kupanga kwa siku chache, liache begi bafuni au juu ya meza ya chuma, mbali na kitanda. Kisha chukua tochi, hata ile ya simu, ukague kwa utaratibu huu:

• Funua shuka, utazame mishono na pembe za godoro, hasa upande wa kichwani.
• Chungulia nyuma ya ubao wa kichwani wa kitanda na katika viungo vya fremu.
• Tazama meza ndogo iliyo kando ya kitanda, droo zake, na mishono ya viti na makochi.
• Kagua rafu ya mizigo kabla ya kuweka chochote juu yake.

Unachotafuta ni kunguni hai, maganda yaliyoachwa wanapojivua ngozi, mayai meupe, au vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu, ambavyo ni kinyesi chenye damu iliyosagwa. Ukiona dalili hizo, omba chumba kingine kisichopakana na hicho, wala kisiwe juu wala chini yake, kwa maana kunguni hupenya kwenye kuta na mabomba.

Usitegemee alama za kuumwa peke yake. Kwa baadhi ya watu alama hujitokeza baada ya siku kadhaa, hata hadi siku 14, na wengine hawaoni alama yoyote. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huonekana kwa shida. Mara nyingi uvimbe mdogo unaowasha, uliojipanga kwa mstari au kwa kundi, ndio utakaouhisi kwanza.

Mwenendo wa mizigo wakati wa likizo

Begi likae juu ya rafu ya chuma iliyosogezwa mbali na ukuta, likiwa limefungwa wakati wote usipolitumia. Nguo usizitawanye kitandani wala sakafuni.

Nguo zilizovaliwa zinahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, waliweka mifuko ya nguo safi na ya nguo chafu katika vyumba vya majaribio vyenye kunguni. Mifuko ya nguo chafu ilivutia kunguni takriban mara mbili zaidi, kwa kuwa harufu ya mwili hubaki kwenye kitambaa. Basi, zitie nguo chafu katika mfuko wa plastiki na uufunge barabara kila siku, badala ya kusubiri siku ya kuondoka.

Unapokaa kwa ndugu na jamaa

Wengi katika jamii yetu hawaendi likizo hotelini. Huenda Nairobi, Bujumbura, Bukavu au Mwanza, wakafikia kwa mama, shangazi au kaka, wakalala pamoja na watoto juu ya magodoro yaliyotandikwa sebuleni. Katika mazingira hayo, kukagua godoro mbele ya mwenyeji kunaweza kuonekana dharau, na hakuna anayependa kumvunjia heshima mtu aliyempokea kwa mikono miwili.

Njia ya heshima ni kulinda mzigo wako pasipo kuihukumu nyumba. Beba mifuko mikubwa ya plastiki inayofungika, na begi lako likae ndani ya mmoja wapo usiku. Jitolee kutandika kitanda mwenyewe. Hapo utaona unachohitaji kukiona bila kutangaza. Vitenge, kanga, mikeka, vikapu na mito ya kushonwa unayopewa kuwa zawadi ipokee kwa shukrani, kisha uifunge peke yake, isichanganyike na nguo. Tahadhari hiyo hiyo ihusu mabasi ya usiku na nguo za mitumba.

Jambo hili lina pande mbili. Sisi wenyewe tunaweza kuwapelekea wazazi wetu kunguni kutoka Sydney, Perth au Adelaide, pamoja na usugu wao dhidi ya dawa. Kagua begi kabla ya kuondoka Australia kama unavyolikagua unaporudi.

Siku ya kurejea

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ya kurejea, methali hiyo ichukuliwe kwa maana yake ya wazi kabisa.

Usilifungulie begi chumbani. Lipeleke kwenye chumba cha kufulia, gereji, au sehemu yenye sakafu ya vigae yenye rangi nyeupe, mahali ambapo mdudu ataonekana. Nguo zote, hata zile ambazo hukuzivaa, zipeleke moja kwa moja kwenye mashine. Zinazostahimili maji ya moto zifuliwe kwa nyuzi joto 60 za Selsiasi, kisha zikaushwe kwa joto kali kwa muda usiopungua dakika 30. Zisizofaa kufuliwa lakini zinazostahimili joto zinaweza kuingizwa kwenye mashine ya kukaushia zikiwa kavu. Asiye na mashine hiyo anaweza kutumia duka la kufulia la kulipia, akizibeba nguo katika mfuko uliofungwa na kuutupa mfuko huo baada ya hapo.

Vitu visivyostahimili joto, kama vitabu, viatu fulani au vinyago vidogo, vinaweza kuwekwa ndani ya friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne au zaidi. Begi lenyewe lifyonzwe vumbi katika kila mshono, mfuko na gurudumu, kisha taka zilizofyonzwa zifungwe ndani ya mfuko na kutolewa nje ya nyumba mara moja.

Je, kuanika juani kunatosha? Wazee wengi wanakumbuka vitanda vya kamba vilivyomwagiwa maji yanayochemka na magodoro yaliyoanikwa mchana kutwa. Maji yanayochemka huua kweli kila kunguni na yai yanapofika. Jua, hata hivyo, halitegemeki: kunguni hukimbilia upande wenye kivuli, na kina cha godoro hakipati joto la kutosha.

Ikiwa tayari wameingia

Ukiwaona nyumbani, usihamie kulala chumba kingine. Watakufuata, na vyumba vyenye wadudu vitakuwa viwili. Usilitupe godoro barabarani, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kuliokota. Mfahamishe mapema mwenye nyumba au wakala wake, kwa maandishi na picha. Kanuni kuhusu nani alipe hutofautiana kati ya majimbo, lakini kuchelewa hakumsaidii yeyote. Kisha itafutwe kampuni ya kudhibiti wadudu yenye leseni na uzoefu wa kunguni. Tarajia itembelee zaidi ya mara moja.

Jiepushe na makopo ya dawa za moshi, ambazo haziingii katika nyufa, na usibebe sumu za shambani au za sokoni kutoka nje ya nchi. Dawa halali hapa ni zile zilizosajiliwa na APVMA, mamlaka ya Australia inayosimamia dawa za wadudu na za mifugo, na hutumika kama lebo inavyoelekeza tu.

Hatari yake si ya kufikirika. Mwezi Agosti 2018 mume na mke kutoka Uingereza walifariki katika hoteli moja ya Hurghada, Misri, siku moja baada ya chumba cha jirani kupuliziwa dawa ya kunguni. Mwaka 2023 uchunguzi rasmi wa vifo hivyo nchini Uingereza ulihitimisha kwamba waliuawa na sumu ya kaboni monoksidi iliyotokana na dawa hiyo.

Kinachowafanya watu wapulize sumu kwa siri, mara nyingi, ni aibu. Huogopa majirani watasema nini, au wageni hawatakuja tena. Lakini kunguni hustawi katika kimya hicho: familia moja inayoficha katika jengo la nyumba nyingi huwapa muda wa kuzifikia nyingine. Anayesema mapema huwalinda majirani zake.

Wapi pa kupata msaada

Kwa ukalimani wa Kiswahili unapozungumza na mwenye nyumba, kampuni au ofisi ya serikali, piga simu TIS National, 131 450. Ikiwa mtu amevuta au kumeza dawa ya wadudu, piga kituo cha taarifa za sumu, 13 11 26, saa yoyote. Akipoteza fahamu au akishindwa kupumua, piga 000.